Mlenda Usio na Magadi

Status ya Milembe ilikuwa na picha tano, na mpaka chai ya Nyanjige inapoa alikuwa ameshaziangalia zote mara nne. Afadhali WhatsApp ina huruma. Inamwonyesha mwenye status kwamba umeangalia, haimwonyeshi kwamba umerudia na kurudia kama mtu aliyedondosha hereni.

Picha ya kwanza, Milembe kavaa koti jeupe la maabara, limepigwa pasi mpaka linang'aa. Ya pili, Milembe kainamia darubini. Ya tatu, Milembe na wenzake wa chuo kule Morogoro, wote wameshika vikombe vya kahawa, wanacheka. Ya nne, tiketi ya basi la kuja Bariadi. Ya tano ndiyo iliyomchoma Nyanjige: bakuli la mlenda, ute unaning'inia kwenye kijiko, na chini yake maneno: "Wazo la utafiti wangu lilinijia nikiwa jikoni kwetu Mwamapalala. Tusidharau vya kwetu." Na kopa jekundu.

"Lilinijia!" Nyanjige akasema kwa sauti, peke yake, katikati ya maabara ya shule. "Lilinijia! Lilikuja lenyewe kwa miguu, eti?"

Maana lile wazo lilikuwa lake. Lake kabisa, na ushahidi ulikuwepo mle mle kwenye simu: ujumbe wa sauti wa dakika nne na sekunde kumi na tatu, aliomtumia Milembe miaka miwili nyuma. Siku hiyo alikuwa nyumbani anamsaidia mama yake kukata viazi vitamu vya michembe, vile vya kuanika, na vipande vitatu vikaponyoka vikaangukia kwenye bakuli la mlenda uliobaki jana yake. Akavisahau humo. Baadaye vipande vilivyokaa wazi kwenye ungo vimeshaanza kuwa vyeusi, ila vile vitatu, alipovitoa kwenye ute, vyeupe kama vimekatwa sasa hivi! Nyanjige akaruka. Akashika simu na mikono ina ute hivyo hivyo: "Mili, sikia! Mlenda unazuia kutu! Kiazi kinashika kutu kwa hewa, si ndiyo? Sasa seli za mwili nazo si zinashika kutu hivyo hivyo? Wewe uko chuo, una mashine. Hebu mjaribu na damu!"

Milembe alijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba tu! Na sasa kidole gumba kimekuwa shahada ya uzamili.

Baba zao hawa wawili, Maganga na Ndalahwa, walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mama yake Milembe alifariki mtoto ana miaka sita, akachukuliwa na mama yake Nyanjige, Mama Benedikta, na kuanzia hapo wakawa kitanda kimoja, shuka moja, darasa moja. Kwenye Kemia, Nyanjige ndiye alikuwa anaongoza. Milembe alikuwa ananakili daftari lake la majaribio, mpaka makosa. Halafu kidato cha sita Fizikia ikamwangusha Nyanjige, imemwangusha kidogo tu, kama mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti cha mlango wenyewe. Milembe akaingia chuo kikuu. Nyanjige akasoma cheti, akawa fundi wa maabara kwenye sekondari moja pale Bariadi mjini. Kazi yake: kuosha testi tyubu, kuchanganya kemikali, kufunga mlango.

Na sasa Milembe alikuwa anakuja kutumia maabara hiyo hiyo.

Aliingia Jumatatu asubuhi na kisanduku cha barafu mkononi na manukato yaliyofika kabla yake.

"Dada Nyanji! Mwangaluka!" Akamkumbatia. "Umenenepa jamani, umependeza!"

"Na wewe umekonda. Chuo hawawapi chakula?"

Mwalimu Danford wa Biolojia alikuwa kaegemea mlango. Huyu alikuwa na mdomo ambao ukikosa kazi unajitafutia. "Karibu, Daktari Milembe! Fundi wetu tangu juzi anasugua hizi meza utadhani tunapokea Mwenge."

"Bado sijawa daktari, mwalimu."

"Utakuwa tu, unafanana nao. Hebu tueleze sisi wa huku chini, unapima nini?"

Milembe akachukua testi tyubu moja tupu, akaishika kama mtangazaji anavyoshika kipaza sauti. "Chukulia seli nyekundu ya damu ni puto lenye ngozi laini. Ukiitilia peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu, vinatokea vitu vikali vinaitwa radikali huru. Vinaing'ata ile ngozi. Ikitoboka, wekundu wote unamwagika kwenye maji. Sasa huu ute wa mlenda ni sukari, ila siyo ya chai. Ni sukari zilizoshikana mikono mnyororo mrefu. Polisakaraidi. Tunadhani unawadaka wale wakali kabla hawajaifikia seli."

"Kumbe mlenda ni mlinzi wa getini!"

"Ni kutu," Nyanjige akasema huku anapanga chupa, hajageuka. "Mwili unashika kutu. Mlenda unazuia."

"Eeh," Milembe akatabasamu, "kwa lugha rahisi ni hivyo."

Kwa lugha rahisi! Nyanjige akasikia masikio yanapata moto. Neno lake mwenyewe linarudishwa kwake kama chenji.

Alisubiri Danford aende darasani, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Mili. Kwenye hilo andiko lako, jina langu litakaa wapi?"

"Kwenye shukrani, dada! Tena wewe wa kwanza, kabla ya dereva wa chuo."

"Kabla ya dereva."

"Kule mbele kwenye waandishi kuna utaratibu wa chuo, si unajua."

"Sijui. Sikufika huko."

Milembe akacheka kidogo, akadhani ni utani, akaanza kufungua kisanduku. Msimamizi wake, Daktari Method, alikuwa anapita Bariadi Ijumaa akielekea Musoma, na alitaka aone jaribio kwa macho yake, damu mbichi na mlenda uliochemshwa shambani ulipochumwa. Likienda vizuri, kazi inapelekwa kwenye jarida, na majina yanaandikwa siku hiyo hiyo. Nyanjige akaweka hilo kichwani: Ijumaa. Majina yanaandikwa Ijumaa.

Mlenda wenyewe ulikuwa umechemshwa na Mama Benedikta kule Mwamapalala, maana majani yakisafiri yananyauka. Milembe alipitia huko Jumapili, akamwelekeza, akachukua supu ya ute kwenye madumu mawili. Juu yake Mama akaongeza fungu la majani mabichi, eti watoto wasikose mboga. Jumanne Milembe akamimina spiriti kwenye ule ute, na zikatoka nyuzi, nyeupe, zinaelea kama pamba iliyolowa. Hizo nyuzi ndizo polisakaraidi yenyewe. Akazikausha, akaziacha kwenye sahani ya kioo.

Jumatano asubuhi Milembe alikuwa amekwenda machinjioni kupanga habari za damu ya mbuzi. Nyanjige akabaki na ile sahani. Akaisogeza kwenye dirisha.

Nyuzi zilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Lakini katikati yake kulikuwa na chengachenga nyeupe, kama unga uliomwagika. Ute hautoi chenga. Akachukua punje mbili, akazilowesha, akachovya karatasi ya litimasi nyekundu.

Bluu. Bluu ya kupiga kelele!

Akachovya nyingine. Bluu. Akakaa kwenye stuli, akapiga simu nyumbani.

"Mayu, mhola?"

"Mhola duhu, mwanangu. Mmeshapika ile mboga?"

"Bado. Mayu, ule mlenda wa Milembe uliupikaje?"

"Kama alivyoniambia. Chumvi hakuna, mafuta hakuna, karanga hakuna, nyanya hakuna. Nimepika kitu kibaya sijawahi kuona, hata mbwa angenishangaa."

"Na magadi?"

"Magadi nimeweka."

"Umeweka!"

"Sasa Nyanjige, mlenda bila magadi ni kitu gani? Si majani yaliyochemshwa? Utavutika kwa kutumia nini? Nimetia yale mazuri, ya Bukundi, niliyoletewa na jirani Monika."

"Si Milembe alikwambia usitie kitu chochote?"

"Sikutia kitu. Magadi nayo ni kitu?"

Nyanjige akacheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu, maana ilikuwa kweli: kwao kote hakuna mtu angeyahesabu. Ukimwambia mwanamke wa Mwamapalala asitie kitu kwenye mlenda, atatoa mpaka chumvi, magadi atayaacha, kama vile ukimwambia asiweke kitu kwenye chai hatadhani unamkataza maji. Na Milembe, miaka sita ya kula vya kantini, alikuwa amesahau hata kuyataja. Tena haraka ya ugeni ilimfanya asipime. Magadi ni makali, ndiyo yaliyogeuza litimasi ikawa bluu. Yaweke kwenye damu, seli zinapasuka zenyewe, peroksaidi haijafika hata mlangoni.

Halafu kicheko kikaisha, akawa anaangalia ile litimasi ya bluu.

"Kwani ni vibaya?" Mama akauliza. "Nimemharibia?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Siku mbili zilikuwepo, majani yalikuwepo kwenye friji. Lakini Nyanjige aliona lile bakuli la kwenye status na kopa lake jekundu.

"Hapana mayu," akasema. "Hamna shida."

Milembe alirudi saa sita, viatu vina vumbi, ana furaha. "Wamekubali! Ijumaa asubuhi naletewa ya moto. Dada, umeziangalia zile nyuzi? Ziko sawa?"

Aliuliza hivyo hivyo. Uso kwa uso.

"Nyeupe," Nyanjige akajibu. "Nyeupe sana."

"Wewe ndiye fundi, nakuamini."

Lile neno lingeweza kumgeuza. Karibu limgeuze. Ila mchana ule ule mkuu wa shule akamwita Milembe staff room awaeleze walimu utafiti wake, na Nyanjige akapita nje na ndoo ya testi tyubu, akawaona: walimu wote wameweka kalamu chini, Danford kafungua mdomo, mkuu kaagiza soda. Miaka minne Nyanjige yuko shule ile, hakuna aliyewahi kumwagizia hata maji. Milembe akawa anasema, "Niliona vipande vya viazi vitamu, nikajiuliza..."

Nikajiuliza! Mpaka viazi amechukua!

Nyanjige akageuza na ndoo yake. Alhamisi, Milembe yupo kwa fundi cherehani anapunguza suti, Nyanjige akafunga mlango wa maabara kwa ndani. Akatoa majani ya Mama kwenye friji. Akayachemsha kwa maji matupu, moto mdogo, hagusi wala hakorogi, amesimama juu yake kama anayelinda maziwa. Bila magadi ute ulikuwa mvivu, ulichelewa, akaanza kukata tamaa, halafu ukaja. Akachuja, akatia spiriti taratibu kwenye ukuta wa chupa. Nyuzi zikashuka, safi, hakuna chenga hata moja. Litimasi ikakaa rangi yake. Akazikausha, akaziyeyusha upya kwenye maji ya chumvi, akaijaza chupa ndogo ya kahawia, akaificha nyuma ya asidi.

Mpango ulikuwa hivi: Milembe aanguke mbele ya Daktari Method. Kimya kiingie. Halafu yeye, fundi wa maabara, atoe chupa yake. Alijiona mpaka namna atakavyoiweka mezani: taratibu, asiseme kitu, waulize wao.

Ijumaa saa nne Daktari Method akafika. Mtu mfupi, sauti ya chini, anaandika kwa penseli. Alikataa soda, akaomba stuli. Milembe na suti yake mpya juu ya koti... hapana, koti juu ya suti, akapanga testi tyubu nne.

"Ya kwanza ni damu peke yake," akasema. "Ya pili, damu na peroksaidi. Ya tatu, damu na mlenda. Ya nne, damu, mlenda, halafu peroksaidi. Ya pili tu ndiyo itakayopasuka. Ya nne mlenda utailinda."

Zikakaa kwenye maji ya uvuguvugu saa nzima. Zikaingia kwenye mashine ya kuzungusha, ikalia dakika kumi. Nyanjige alikuwa kasimama pembeni, mikono nyuma, moyo unamdunda mpaka anausikia kwenye meno. Milembe akazitoa moja moja.

Ya kwanza: maji meupe juu, damu imetulia chini kama kitufe chekundu. Safi.

Ya pili: maji mekundu yote. Ilivyotakiwa.

Ya tatu: mekundu.

Ya nne: mekundu, tena meusi-meusi.

"Duh," Danford akasema.

Raha ilimshuka Nyanjige kooni kama soda ya baridi. Kweli kabisa, hata yeye alishangaa ilivyokuwa tamu. Aliangalia uso wa Milembe unavyopoteza rangi, akanywa, akanywa tena.

"Ya tatu haina peroksaidi," Daktari Method akasema polepole. "Kwa hiyo mlenda wako, binti, ndio unaoua seli."

"Haiwezekani. Morogoro ulilinda! Nilirudia mara saba!"

Mzee hakubisha. Akaomba litimasi, akachovya, akaiinua. Bluu. "Humu kuna magadi. Nani alichemsha?"

Milembe hakusubiri. Alishachomoa simu, akaweka spika, akaiweka mezani katikati ya testi tyubu. Ikaita mara mbili.

"Milembe, mwanangu! Mgeni kafika?"

"Mama mkubwa, kwenye ule mlenda uliweka magadi?"

"Niliweka, si..."

"Nilikwambia usiweke kitu! Nilikwambia mara ngapi? Miaka miwili, mama mkubwa! Miaka yangu miwili umeimwaga! Mbele ya msimamizi wangu!"

Sauti ya Mama Benedikta ikatoka kwenye ile simu, ndogo, kama ya mtoto aliyevunja chungu. "Nisamehe mwanangu. Mimi sikusoma. Sikujua. Huyo mwalimu mkubwa yupo hapo? Baba, shikamoo. Usimwadhibu Milembe. Kosa ni langu mimi, mjinga wa huku. Nisamehe sana, baba."

Mama alikuwa analia. Mama, anayemzidi Daktari Method miaka, anampa shikamoo mtu asiyemjua, anajiita mjinga mbele ya spika, mbele ya Danford. Na hakusema, wala hakukumbuka kusema, kwamba Jumatano alishauliza kama ni vibaya, na mtoto wake wa kumzaa akamwambia hamna shida.

Ile soda ya baridi ikamwishia Nyanjige utamu.

"Mayu," akasema, akiinamia simu. "Mayu, nyamaza. Hujakosea."

"Nyanjige? Na wewe upo?"

"Nipo. Nilijua. Uliponiambia Jumatano, nilijua kwamba ni vibaya. Nikakudanganya."

Danford aliangalia dari. Milembe akageuka taratibu, kama shingo imekwama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilikuuliza. Nilisimama hapo, nikakuuliza ziko sawa, ukaniambia nyeupe."

"Zilikuwa nyeupe."

"Nyanji!"

"Na wewe ungeniuliza mimi kabla ya kuandika lilikujia jikoni!" Sasa imetoka, haikurudi. "Lilikujia? Nani alikaa na viazi? Nani alisema kutu? Umenichukulia mpaka kutu, Mili! Halafu unaniweka kabla ya dereva!"

"Ndiyo uniue?"

"Nilitaka waone!"

"Waone nini?"

Nyanjige akaenda kwenye kabati. Chupa aliyoipanga kuiweka taratibu, kwa heshima, kama bibi harusi anavyowekwa kwenye kiti, aliiweka mezani kwa kishindo mpaka ikakaribia kuanguka. "Huu. Majani yale yale ya Mama. Bila magadi."

Milembe akakata simu. Alisahau hata kumuaga Mama.

Daktari Method akainua penseli yake. "Jumatano saa ngapi ulijua?"

"Saa nne asubuhi."

Akaandika. Kisha akasema neno moja: "Pimeni."

Nyanjige ndiye aliyepima, maana Milembe mikono ilikataa. Na hapo, hata kwa aibu ile, mikono yake ilijua kazi: damu kidogo, ute kidogo, peroksaidi tone kwa tone, hakuna kumwagika. Saa nzima ya kusubiri hakuna aliyemsemesha. Danford alijaribu kidogo, "Mvua mwaka huu...", akaona bora anyamaze. Mashine ikalia, ikanyamaza.

Ya tatu: meupe. Kitufe chekundu chini.

Ya nne, yenye mlenda na peroksaidi pamoja: maji yana wekundu wa mbali tu, kama juisi ya rozela iliyozidishwa maji. Ukiiweka karibu na ya pili, ile isiyo na mlenda, utadhani siyo damu ya mnyama mmoja. Seli zilikuwa zimepigwa, na zimebaki. Daktari Method aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea.

"Milembe," akasema bila kuishusha. "Wazo hili ni la nani?"

Milembe alikuwa anaangalia viatu vyake. Nyanjige akadhani atakana, na sehemu fulani ya moyo wake ikaomba akane, ili wawe sawa.

"Alinitumia kwa sauti," Milembe akasema. "Mimi nilisoma, nikapima. Ila wa kwanza kusema ni yeye."

"Basi jina lake linaingia. La pili, baada ya lako." Akageukia Nyanjige. Nyanjige akafungua mdomo kusema wabeja, mzee akamkatiza. "Usinishukuru. Nimewahi kufanya kazi na watu wazembe, na watu wasiojua, na wote nimewavumilia, maana mzembe unamwona. Mtu anayeona kosa akalifunika, huyo simwachii sampuli. Marudio ni matatu, kuanzia majani mabichi. Atayafanya Milembe, mwalimu Danford atashuhudia. Wewe utafungua mlango na kuufunga. Jina lako linaingia. Mikono yako haiingii."

Akafunga daftari, akaondoka kuwahi safari ya Musoma.

Jioni Nyanjige alimpigia Mama, akaomba msamaha mpaka salio likakaribia kwisha. Mama hakufoka. Alisema tu, "Mtoto yule hana mama mwingine, Nyanjige. Una habari?" Na Nyanjige, hapo hapo katikati ya kuomba msamaha, akasikia kale kamdudu ka wivu kanamng'ata tena: hata leo, Mama anamwonea huruma Milembe.

Jumamosi saa mbili alifungua mlango wa maabara, akakaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Kazi yake imeisha. Ndani, Milembe alikuwa amepokea majani mapya yaliyoletwa na bodaboda, na Danford kakaa na karatasi ya kushuhudia kama msimamizi wa mtihani. Nyanjige akashika simu, akaifungua, akaifunga. Daktari Method alishatuma ukurasa wa kwanza wa andiko kwa wote wawili. Milembe Ndalahwa, Nyanjige Maganga. Alilisoma jina lake. Alikuwa amelitaka hili kuliko kitu chochote, na sasa liko hapo, herufi nyeusi, limenyooka. Akalikuza kwa vidole viwili. Likawa kubwa. Kupitia dirishani akasikia maji yanamiminwa, na akajua kwa mlio tu kwamba yamezidi, na mikono ikaanza kumwasha.

Dirisha likafunguliwa. Milembe, macho yamevimba, hakusalimia.

"Ulichemsha dakika ngapi?"

Nyanjige akamwangalia. Angesema ishirini, nani angejua? Ute ungetoka mwepesi, seli zingepasuka nusu, na Daktari Method angekumbuka ni mikono ya nani iliyofanikiwa. Neno ishirini lilikuwa limeshafika ulimini.

"Arobaini," akasema. "Moto mdogo. Maji umezidisha, punguza kikombe kimoja."

Milembe akaitikia kwa kichwa, akashika dirisha kulifunga.

"Na usikoroge," Nyanjige akaongeza. "Hata ukitamani vipi. Ukikoroga, nyuzi zinakatika."

"Sawa."

Dirisha likafungwa. Hakukuwa na asante, na Nyanjige hakuitegemea. Alikaa pale mpaka jua likamfikia magotini. Karibu saa tano akasikia harufu ya spiriti, akashindwa kuvumilia, akapanda juu ya benchi, akachungulia.

Milembe alikuwa anazinyanyua kwa kijiti cha kioo. Danford alikuwa kasimama kwa mshangao. Nyuzi zilikuja moja kwa moja, nyeupe, hazikatiki, zinateleza kutoka kwenye chupa kama hazina mwisho, na Nyanjige aliyekuwa anazihesabia urefu kwa macho akaona wazi, bila mtu kumwambia, kwamba zilikuwa ndefu kuliko zake.